Haki ya Asiyeona Mbele ya Televisheni

Iko dhuluma isiyopigiwa kelele, kwa sababu anayedhulumiwa hajui alichonyimwa. Dhuluma hiyo ni maelezo mabovu ya sauti katika televisheni. Maelezo ya sauti ni maneno yanayotiwa katika mapengo ya mazungumzo ya kipindi, ili mtu asiyeona aambiwe yale yaliyoonwa na macho ya wengine: nani ameingia, nani amegeuza uso, maandishi gani yametokea. Wengi huyasifu kwa kuwa yapo. Mimi nasema kuwapo hakutoshi. Na mahali yanapostahili kupimwa zaidi ni pale yanapodharauliwa zaidi, yaani katika vipindi vya uhalisia, ambamo watu wasio waigizaji hushindana au huishi pamoja mbele ya kamera.

Wenye dharau husema, "Humo mna maneno matupu, asiyeona atakosa nini?" Hoja hii ni ya watu wasiopata kufumba macho wakasikiliza. Na tutazame mfano mmoja. Kipindi cha Uingereza kiitwacho The Traitors, kilichoanza kutangazwa na BBC mwaka 2022, kina desturi ya kuwaketisha washiriki kuizunguka meza hali wamefungwa vitambaa vya macho. Mwendeshaji, Claudia Winkleman, hupita nyuma yao polepole, akiwagusa begani wale aliowachagua kuwa wasaliti. Walioketi hawajui nani kaguswa, ila aliyeguswa mwenyewe. Mtazamaji nyumbani anajua, na utamu wote wa mchezo umo katika kujua huko. Sasa fikirini mwelezaji akisema, "Anaizunguka meza," kisha akanyamaza. Asiyeona atakuwa ameondolewa katika kiti cha mtazamaji na kuketishwa pale mezani, naye amefungwa kitambaa. Hakukosa pambo la kipindi, amekosa kipindi.

Katika tamthilia, mwandishi huweza kuyatia mawazo ya mhusika katika kinywa chake. Katika kipindi cha uhalisia mtu hudanganya kwa ulimi, na uso wake ukamsuta. Kwa hiyo uso ndio ushahidi, na asiyeelezwa uso amenyimwa ushahidi. Kasoro ya kwanza ya maelezo mabovu, basi, ni kueleza lisilohitajiwa na kuliacha linalohitajiwa. Mlango ukigongwa, kila mwenye masikio amesikia. Ya nini kumwambia kwamba umegongwa? Aambiwe nani kakodoa macho uliposikika mgongo huo.

Kasoro ya pili ni ya majina. Mwenye macho husoma jina la mshiriki chini ya picha, kila mara analosahau. Asiyeona huletewa sauti ishirini ngeni kwa usiku mmoja, na mwelezaji asiyejali humwambia "mwanamke" na "kijana," kama kwamba dunia ina mwanamke mmoja na kijana mmoja.

Kasoro ya tatu ni ya kuhukumu. Mwelezaji akisema, "Anamwonea wivu," ameutwaa uamuzi usio wake. Na aseme, "Anamkazia macho, kisha anainamisha kichwa," msikilizaji aamue mwenyewe, kama wanavyoamua wengine sebuleni.

Itasemwa kwamba sheria imekwisha kuwatendea haki. Na tuiangalie sheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 iliweka lengo la asilimia 80 kwa maandishi ya kuwasaidia wasiosikia, na asilimia 10 tu kwa maelezo ya sauti. Nchini Marekani, mahakama iliitangua mwaka 2002 kanuni ya kwanza ya jambo hili. Sheria ya mwaka 2010 ikaifufua, na stesheni kubwa zikaamriwa kutoa saa 50 kwa kila miezi mitatu tangu mwaka 2012, zikaongezwa kuwa 87.5 mwaka 2018. Hatua hizi ni za heshima, nami sizibezi. Lakini zote ni za kuhesabu. Ni kweli kwamba Ofcom, msimamizi wa utangazaji Uingereza, ametoa miongozo ya namna ya kueleza vizuri. Walakini mwongozo ni ushauri, na asilimia ni amri. Kibaba hupima ujazo. Hakibagui mchele na pumba.

Itasemwa tena kwamba washiriki husema pamoja bila kituo, na mapengo ni mafupi mno. Hoja hii ina kweli ndani yake, ila inamhukumu aliyeileta. Mahali pafupi ndipo pahitajipo fundi. Mshairi wetu hupewa mizani nane katika kipande, wala halalamiki kwamba nafasi haimtoshi, huchagua neno. Kazi ya kuchagua neno ndiyo kazi ya mwelezaji, na asiyeiweza asipewe.

Mwisho itasemwa kwamba gharama ni kubwa, na ndiyo maana baadhi ya maelezo siku hizi husomwa na sauti ya mashine. Aliyesajiliwa kuwa kipofu nchini Uingereza hupunguziwa nusu ya ada ya leseni ya televisheni. Huo ni wema. Lakini nusu ya ada si ruhusa ya kumpa mtu nusu ya kipindi.

Desemba mwaka 2024, Chris McCausland, mchekeshaji asiyeona, alishinda mashindano ya dansi ya Strictly Come Dancing pamoja na mwenziwe Dianne Buswell. Kipofu amecheza mbele ya taifa zima, akashinda. Je, kipofu aliyeketi nyumbani hastahili kuelezwa jinsi mguu wa mwenziwe ulivyokanyaga?

Ninalolidai ni dogo. Maelezo yasikilizwe na wasioona kabla ya kutangazwa, na neno lao liwe na nguvu ya kuyarudisha kwa fundi. Mwelezaji akijue kipindi tangu mwanzo, ayataje majina, ayasome maandishi, auseme uso, auache uamuzi. Nanyi wanafunzi wa Kiswahili, ikiwa mtaitwa siku moja kuifanya kazi hii kwa lugha yetu, msiulize kwanza ni saa ngapi zinazotakiwa. Ulizeni msikilizaji ataona nini.