Kishale Kilichohamisha Ukuta

Mwezi huu nilipanga tuongee mambo ya mapazia, lakini yaliyotokea nyumbani kwangu yamenilazimisha kubadili mada. Yaani nusura mimi na shemeji yenu tununiane mpaka mwisho wa mwaka kwa sababu ya ukuta ambao hata haujajengwa!

Ilikuwa hivi. Tuna kiwanja chetu Goba, tumekihangaikia kweli kweli. Kabla ya kwenda kwa mchora ramani tukakubaliana tujaribu wenyewe kwenye kompyuta, ili tukifika kwake tusianze kubishana mbele ya watu. Tukapakua programu ya kuchora nyumba, na kila usiku watoto wakishalala tunakaa mezani. Zilikuwa siku tamu. Unachora sebule, unapanga makochi, unaigeuza nyumba na kuiona kana kwamba unatembea ndani yake.

Tatizo likaanzia chumba cha mama mkwe. Mama alivunjika nyonga, anatembea kwa fremu, na mume wangu anataka aje tuishi naye. Chumba chake tulikipa upana wa mita 3.6. Ukitoa kitanda cha futi 5 kwa 6 na kabati la sentimita 60, inabaki kama mita moja na nusu ya kupita na kugeuka na fremu yake. Upande wa pili wa ukuta ni chumba changu cha kazi. Sasa kila tukifungua ramani, chumba cha mama kimepungua. Mara mita 3.3, mara 3.1. Changu kinanenepa.

"Mama Nasra, huu ukuta umeusogeza?"

"Mimi? Sijaugusa!"

"Basi umejisogeza wenyewe. Una miguu."

Mara ya tatu hakusema kitu. Alifunga kompyuta, akaenda kulala. Wanaume wakinyamaza hivyo, mnajua wenyewe.

Kesho yake nikabeba kompyuta mpaka kwa kijana wetu wa IT ofisini. Akaichezea nusu saa, akacheka. Kumbe programu haina kosa, sisi ndio tulioielemea. Tulikuwa tunachora kwa betri, huku kompyuta imewekwa kubana matumizi ya umeme. Makochi tuliyoyashusha kwenye intaneti yalikuwa mazito mno, kila mto na kila kifungo kimechorwa. Kwa hiyo kishale kilikuwa kinachelewa: mkono umeshafika, chenyewe bado kiko njiani. Mimi nadhani nimeshika kabati la ofisini kwangu, kumbe nimeshika ukuta wa mama. Na mpangilio wa sumaku, ule unaovuta mistari ikae kwenye vipimo vya kuvutia, ukawa unaunyoosha vizuri huko ulikoangukia. Ukiutazama utaapa mtu kapima na kuuhamisha makusudi.

Kwa wale mnaochora nyumba zenu, haya ndiyo aliyonifundisha:

Kwanza, chomeka umeme na utoe ile hali ya kubana betri. Kama kompyuta yako ina kadi mbili za grafiki na unatumia Windows, nenda kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya grafiki, uiambie programu itumie ile yenye nguvu. Draiva za kadi nazo ziwe mpya.

Pili, punguza mzigo. Ukiwa unachora kuta huhitaji maua wala makochi ya kifalme. Kwenye SketchUp zima vivuli, na ufute vitu ulivyoviingiza ukaacha kuvitumia, maana hubaki ndani ya faili hata kama huvioni. Kwenye Sweet Home 3D, ambayo ni ya bure, unaweza kuficha ile picha ya 3D mpaka utakapoihitaji.

Tatu, kishale. Kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows kuna kipengele cha kuongeza usahihi wa kishale. Kikiwashwa, umbali unaokwenda kishale unategemea kasi ya mkono wako. Wengine wanakipenda, ila kwa kuchora mistari mimi nimekizima. Tena tumia kipanya, achana na kuparaza kwa kidole.

Nne, usipime kwa macho. Sweet Home 3D ukibofya ukuta mara mbili unaandika urefu wenyewe kwa namba. Sumaku unaweza kuizima kwenye mapendeleo. Na dawa kubwa kuliko zote: kuna alama ya kufuli. Ukiifunga, kuta hazisogei tena, unahamisha samani tu.

Ningeweza kuishia hapo. Ningerudi nyumbani na ushahidi mkononi: unaona baba, ilikuwa mashine! Njiani, kwenye foleni, nikajipanga kabisa namna ya kulisema hilo kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Lakini ukweli ni kwamba mara ya pili nilikiona kishale kikiruka na ukuta ukasogea. Nilikiona kwa macho yangu. Ningebonyeza kurudisha, sekunde moja tu. Sikubonyeza. Nikahifadhi faili, nikazima.

Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa naogopa. Simchukii mama mkwe, jamani. Naogopa nani atamsaidia kuoga saa moja asubuhi wakati mimi natafuta viatu vya mtoto. Naogopa kwamba kila mtu ameshaamua ni mimi, bila kuniuliza. Na badala ya kuyasema hayo, nikaiachia kompyuta iniongelee.

Usiku ule nikamwambia yote. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mama Nasra, mimi nilidhani unamkataa mama. Kumbe unaniuliza mimi nitafanya nini." Hapo ndipo tukaanza kuongea kweli: dada wa kusaidia kutwa tutampata vipi, asubuhi zipi ni zamu yake, wifi atamchukua lini. Mengine bado hatujayamaliza.

Ukuta tumeurudisha mita 3.6, tumeuandika kwa namba, tumefunga kufuli. Aliyebofya ni mimi, yeye akishuhudia.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kompyuta ikikuletea matatizo, itengeneze, maelekezo hayo hapo juu. Ila kabla hujailaumu mbele ya mwenzako, jiulize kama na wewe kuna mahali uliona ukanyamaza.

Tukutane mwezi ujao. Mapazia nawadai!