Bia Ihukumiwe kwa Ulimi, Chapa kwa Ukweli

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Usemi huo ulitungwa na watu waliomjua mgema wao kwa sura na kwa jina, ambao wakilikuta tembo limechujuka waliweza kumwendea chini ya mnazi wake na kumwuliza. Mnywaji wa leo hana nafasi hiyo. Chupa humfikia imevishwa karatasi nzuri, na mgema hajulikani. Ndiyo maana hukumu juu ya bia zinazouzwa kama bia za pekee, hali zatengenezwa na makampuni makubwa, imekuwa ugomvi usiokwisha. Wengine huzisifu kwa ajili ya karatasi, wengine huzilaani kwa ajili ya mwenye kiwanda, na wachache tu ndio wanaozionja.

Mfano ulio wazi ni bia ya Marekani iitwayo Blue Moon. Bia hiyo ilianza mwaka 1995 mjini Denver, katika kiwanda kidogo kilichomo ndani ya uwanja wa besiboli wa Coors Field. Aliyeibuni ni Bwana Keith Villa, mtaalamu wa kampuni ya Coors aliyekwenda Brussels kusomea utengenezaji wa bia hadi akapata shahada ya udaktari. Aliiga bia nyeupe ya Ubelgiji, itengenezwayo kwa kimea cha shayiri pamoja na ngano, ikatiwa maganda ya machungwa na mbegu za giligilani. Yeye aliongeza nafaka ya oti, na akaeneza desturi ya kuweka kipande cha chungwa ukingoni mwa bilauri. Kileo chake ni asilimia 5.4. Lakini karatasi ya chupa haikuitaja Coors. Iliandikwa Blue Moon Brewing Company, kana kwamba ni kiwanda kinachojitegemea.

Lawama ya kwanza inayotolewa juu ya bia ya namna hii ni kwamba si bia halisi, kwa kuwa ina ngano na viungo. Wenye hoja hiyo hutaja sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoamuru bia itengenezwe kwa shayiri, maua ya hopsi na maji peke yake. Hapana shaka sheria hiyo ilikuwa na manufaa yake, lakini ilikuwa sheria ya Bavaria, wala haikuwa kipimo cha dunia nzima. Wachaga hupika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na uchungu wake huutoa katika magome ya msesewe. Hakuna mwenye akili atakayesema kuwa mbege si pombe kwa sababu haikufuata amri ya Bavaria. Kila pombe yapasa ipimwe kwa kanuni za jadi yake yenyewe.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba kitu kizuri hakiwezi kutoka katika kiwanda cha kampuni kubwa. Historia ya bia nyeupe yenyewe yaonyesha kuwa jambo hilo si rahisi hivyo. Katika mji mdogo wa Hoegaarden, Ubelgiji, kiwanda cha mwisho cha bia hiyo kilifungwa katika miaka ya 1950. Mwaka 1966 Bwana Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, akaifufua. Mwaka 1985 kiwanda chake kiliungua moto, na wakubwa waliotoa fedha za kukijenga upya ndio hatimaye waliokimiliki. Celis akahamia Austin, Texas, akaanza tena mwaka 1992. Huko nako kampuni ya Miller ikakitwaa kiwanda chake. Hivyo hata bia ya Hoegaarden, ambayo wengi huitumia kama kipimo cha kuilaumu Blue Moon, imo mikononi mwa AB InBev, kampuni ya bia iliyo kubwa kuliko zote duniani. Anayeinywa hii kwa heshima na kuitema ile kwa dharau, kwa sababu ya ukubwa wa kampuni tu, hajui anachokisema.

Basi bia ihukumiweje? Kwanza, chupa ifichwe, na mwonjaji asijue anapewa nini. Viwandani hutumika njia rahisi: bilauri tatu huwekwa mezani, mbili zina bia moja na ya tatu ina nyingine, na mwonjaji hutakiwa kuitambua ile iliyo tofauti. Wengi wanaojisifu kuwa wajuzi hushindwa hapo. Pili, bilauri iwe safi, isiyo na mafuta wala sabuni, maana hivyo huua povu. Tatu, bia isiwe baridi ya kuganzisha ulimi, kwani baridi kali huficha kasoro pamoja na sifa. Nne, itazamwe tarehe yake. Bia iliyozeeka huwa na ladha ya karatasi iliyolowa, na iliyopigwa na mwanga hutoa harufu mbaya. Makosa hayo mara nyingi ni ya ghala na duka, si ya mpishi.

Ikionjwa kwa utaratibu huo, bila kipande cha chungwa, Blue Moon haiwi muujiza wala aibu. Ukungu wake ni wa haki, kwa kuwa hutokana na ngano na chachu. Ni laini kinywani, na harufu ya chungwa na giligilani husikika. Upungufu wake ni utamu unaobaki ulimini baada ya kumeza, na kukosa ule ukali mdogo wa uchachu uifanyao bia nyeupe ya Ubelgiji ikate kiu. Kwa ufupi, ni kazi ya fundi aliyeijua kazi yake, akailainisha ili isimkere mtu yeyote.

Ama chapa yake, hiyo ni kesi nyingine. Mwaka 2015 mnywaji mmoja wa California aliishtaki kampuni ya MillerCoors, akidai kuwa aliuziwa bia ya kampuni kubwa kwa sura na bei ya bia ya kiwanda kidogo. Mahakama iliitupa kesi hiyo, kwa kuwa sheria inaruhusu kampuni kutumia jina la biashara. Yawezekana sheria haikuvunjwa. Lakini kutovunja sheria si sawa na kusema kweli. Hata neno "kidogo" lina utata wake: tangu mwaka 2011 chama cha Brewers Association cha Marekani hukihesabu kuwa kidogo kiwanda kisichozidi mapipa milioni 6 kwa mwaka, yaani lita zipatazo milioni 700.

Jambo hili si la Denver peke yake. MillerCoors iliundwa mwaka 2008 na Molson Coors kwa ushirika na SABMiller, na SABMiller hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na hisa kubwa katika Kampuni ya Bia Tanzania. Mwaka 2016 AB InBev iliinunua SABMiller, na hisa hizo zikaenda pamoja nayo. Asiyekunywa naye asidhani limempita, kwa maana kahawa, sabuni na mafuta ya kupikia huvishwa karatasi kwa ufundi ule ule.

Lipasalo kudaiwa ni jambo dogo na la haki: jina la mtengenezaji wa kweli liandikwe kwenye kila chupa kwa herufi zinazosomeka, na mahali ilipotengenezwa patajwe. Mtengenezaji anayeiamini bia yake hana sababu ya kuliogopa jina lake. Mnywaji naye akiisha kumjua mgema wake, aachiwe ulimi wake uamue.