Kabla ya Kuuza Shamba: Viza, Kazi za Ughaibuni na Utu wa Watoto Wetu

Bustani za nyanya na mboga za Mlali zimewalea vijana wetu wengi chini ya milima ya Uluguru. Wanaujua ugumu wa jembe, na wanaijua bei inayoporomoka msimu wa mavuno. Haishangazi basi kwamba inaposikika ahadi ya kazi Muscat au ya masomo Ulaya, familia huketi, na upesi hutajwa shamba la kuuza. Tunapenda kuitafakari saa hiyo, kabla shamba halijauzwa.

Tuanze kwa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Pasipoti hutolewa na Idara yetu ya Uhamiaji; tangu mwaka 2018 ni ya kielektroniki, na ada yake iliwekwa kuwa shilingi 150,000. Viza ni ruhusa ya nchi nyingine, nayo hutolewa kwa kusudi maalumu: kutembelea, kusoma au kufanya kazi. Anayemshawishi binti yetu aende kwa viza ya matembezi, mengine yarekebishwe hukohuko, anamvua kinga ya sheria hata kabla hajapanda ndege.

Lakini hata viza halali ya kazi inadai swali moja: imemfunga msafiri kwa nani? Katika nchi za Ghuba, utaratibu wa kafala humfanya mwajiri kuwa mdhamini wa ukaaji wa mfanyakazi. Anayetoroka nyumba ya mwajiri mkatili anaweza kuhesabiwa kuwa yeye ndiye mkosaji. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushuhuda wa wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: wengi walinyang'anywa pasipoti, wakafanya kazi kwa saa nyingi kupita kiasi, na baadhi hawakulipwa mishahara yao. Kuanzia Januari 2021 Oman ililegeza masharti kwa wanaomaliza mikataba yao. Aliye katikati ya mkataba bado yumo mikononi mwa mwajiri.

Viza ya masomo nayo ina kifungo chake, yaani fedha. Ujerumani, kwa mfano, tangu Septemba 2024 humtaka mwanafunzi asiye na ufadhili aoneshe euro 11,904 za mwaka mmoja katika akaunti maalumu. Kwa hiyo barua ya chuo peke yake haitoshi. Milango mingine hufungwa ghafla: Uingereza, iliyokuwa ikipokea wahudumu wa wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo, ilisitisha viza hiyo kwa waombaji wapya walio nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Anayeiuza ahadi hiyo leo anauza mlango uliofungwa.

Hapa ndipo shamba linapoingia. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ni mali ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Shamba likiuzwa kwa ajili ya mmoja, wajomba, dada na wapwa wote wamewekwa rehani. Binti anayeteswa ugenini hujiuliza atarudi na uso gani nyumbani ambako wamebaki bila ardhi. Hunyamaza, akavumilia yasiyovumilika. Hivyo anafungwa mara mbili: na mwajiri huko aliko, na deni huku alikotoka. Kanuni iliyowekwa na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, ni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Wakala anayedai mamilioni kutoka kwa familia maskini tayari ametueleza yeye ni nani.

Mama Kanisa hawazuii watoto wake kusafiri. Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wake kwa ajili ya Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani mwaka 2023, alisisitiza uhuru wa kila mtu wa kuchagua kuhama au kubaki. Tunathubutu kuongeza: uhuru huo haujakamilika pasipo uwezo wa kurudi. Sisi wa Morogoro tunayo sababu ya pekee ya kulielewa hili. Imani ilitufikia kupitia Bagamoyo, ambako tangu mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwapokea watu waliokombolewa utumwani. Haifai binadamu auzwe tena kwa jina la ajira.

Basi, familia inapoketi, iulize: Mkataba uko wapi, na upo katika lugha tunayoielewa? Mshahara na siku ya mapumziko vimeandikwa? Wakala anatambuliwa na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA)? Shahada ya chuo hicho itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Nakala ya pasipoti imebaki nyumbani, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu? Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziyabebe maswali haya, na ziendelee kumpigia simu aliyesafiri. Na anayerudi mikono mitupu apokelewe bila kusimangwa, kwa maana amerudi hai, na shamba bado lipo.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, uliyeuzwa ukakombolewa, utuombee.