Gluoni, Tendaguru na Hesabu Iliyokataa

Kwa miaka mingi hesabu ya protoni ilidhaniwa imefungwa. Protoni ina kwaki tatu. Basi spini yake, sifa inayoifanya iwe mithili ya sumaku ndogo, iliaminiwa kutokana na spini za kwaki hizo. Mwaka 1987 watafiti wa CERN, Geneva, waliopiga protoni kwa miuoni, wakakuta mchango wa kwaki ni mdogo ajabu. Leo unakadiriwa kuwa takriban asilimia 30. Hesabu ilikataa, nao hawakuificha.

Ndipo macho yakageukia gluoni, chembe zinazozishikamanisha kwaki. Gluoni haina chaji ya umeme, hivyo miuoni haiigusi moja kwa moja. Katika maabara ya Brookhaven, Marekani, protoni ziligonganishwa kwa namna mbili: spini zikielekea upande mmoja, kisha zikielekea pande zinazopingana. Watafiti wakahesabu jeti za chembe zilizochomoza katika kila hali. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilikuwapo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba gluoni nazo zina fungu lao. Ukubwa wa fungu lote bado ni mjadala, kwa kuwa gluoni zinazobeba sehemu ndogo sana ya momenta ya protoni hazijapimwa vya kutosha.

Mtumishi wa halmashauri, mwenye mawazo yote kwenye gesi ya Songo Songo, ataniuliza: mtu wa Lindi haya yanamhusu nini? Swali halali. Namjibu kwa Tendaguru.

Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilifukuliwa pale, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin. Sifa za kitaalamu zikawaendea Wajerumani. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji Waafrika, alikumbukwa kwa jina la dinosaria, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu karne nzima!

Tunapomfundisha mwanafunzi wa Kilwa Masoko kwamba protoni ni kidonge kigumu, na kwamba fizikia ni majibu ya mtihani, tunamwandaa kuwa mpagazi mwingine. Vyuo vyetu vigharimie watu wachache, hata watano, wafuatilie maswali yasiyo na soko leo. Brookhaven inaandaa mashine mpya ya kugonganisha elektroni na protoni, ipime gluoni zilizosalia. Data zake zitachambuliwa kwa kompyuta, na mchambuzi aweza kuketi Dar es Salaam. Ningependa jina la mtoto wa Kilwa liwemo katika orodha ya waandishi siku matokeo yatakapochapishwa.