Wakili na Dansi

Kila anapofariki mtu mashuhuri wa Afrika, sisi tuliobaki huanza kumchonga upya. Tunamwondolea kicheko, tunamwondolea ujana wake, tunamwondolea kila alichokipenda kwa kukipenda tu, mpaka kinachosalia ni sanamu. Nelson Mandela, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2013, hakusalimika. Wanafunzi wetu wanamjua mfungwa wa miaka 27 na Rais. Baadhi yao wanamjua pia wakili aliyefungua ofisi pamoja na Oliver Tambo mjini Johannesburg mwaka 1952. Lakini kijana aliyehangaika usiku kucha kujifunza walsi na foksitroti hasimuliwi.

Wapo wanaodai kwamba kunyamaza huko ni heshima. Dansi ya kushikana viuno, ya suti na viatu vilivyong'arishwa, wanatuambia, ni kasumba ya kikoloni. Heri isitajwe mbele ya vijana. Sisi tunaipinga rai hiyo, na tunaipinga kwa sababu inawafundisha vijana uongo juu ya utamaduni ni kitu gani.

Tutazame mambo yalivyokuwa. Mandela aliingia Chuo cha Fort Hare mwaka 1939. Yeye na wenzake walikuwa wakikutana katika ukumbi wa kulia chakula, wakiwa na santuri kuukuu, wakafanya mazoezi kwa saa nyingi, wakipokezana zamu ya kuongoza na ya kuongozwa. Waliyemhusudu alikuwa Mwingereza Victor Silvester, bingwa wa dunia wa mwaka 1922. Usiku mmoja walitoroka chuoni, wamevaa suti, wakaenda kwenye ukumbi wa Ntselamanzi ambao wanafunzi walikatazwa kuukanyaga. Mandela akamwomba bibi mmoja wacheze. Walipokuwa katikati ya sakafu akamwuliza jina, kumbe ni mke wa Dakta Bokwe! Na pembeni, Dakta mwenyewe alikuwa amesimama na shemeji yake, Profesa Z. K. Matthews, mwalimu wa kijana huyo na Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya sheria katika Afrika Kusini. Kijana aliomba radhi, akamrudisha bibi mahali pake kwa adabu zote. Profesa hakulitaja jambo hilo hata siku moja.

Je, hapo kasumba iko wapi? Tunachokiona ni vijana maskini wanaojitia nidhamu ngumu kwa hiari yao, na msomi wa sheria ambaye haoni aibu kuonekana dansini. Tena Johannesburg, katika Bantu Men's Social Centre, Waafrika walicheza dansi kwa muziki wa bendi zao wenyewe, kama Merry Blackbirds. Na katika jengo hilo hilo, wakati wa Pasaka ya mwaka 1944, ndimo ulimozinduliwa Umoja wa Vijana wa ANC. Walioitetemesha Pretoria baadaye hawakulazimika kwanza kuyasahau mapigo ya walsi.

Wapinzani wetu hukimbilia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ni kweli, Mwalimu alisikitika kwamba wengi tumejifunza rumba, chachacha na hata walsi, ilhali hatuijui gombesugu wala lelemama. Nusu hiyo inakaririwa sana. Nusu ya pili inamezwa: kwamba taifa linalokataa kujifunza lolote kwa mataifa mengine ni taifa la wajinga na vichaa. Anayenukuu nusu ya hotuba ili kuwafunga wengine midomo hamtetei Mwalimu, anamtumia.

Tukiri jambo moja, maana hatutaki kuficha. Wakati wa ukoloni walikuwapo makarani na waalimu walioifanya dansi kuwa ngazi ya kupandia juu ya ndugu zao. Waliicheka ngoma, wakawaita wachezaji wake washenzi. Hao hatuwatetei hata kidogo. Lakini kosa lao lilikuwa dharau, wala halikuwa katika miguu. Nayo dansi yenyewe haikubaki kama ilivyoletwa. Bendi ya Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz iliyoundwa mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah: hizo ziliipa dansi maneno ya Kiswahili, zikaitia mafumbo na mawaidha. Mwaka 1964 Chama cha Wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake. Kama dansi ingalikuwa sumu, wafanyakazi wa taifa huru wangaliajirije wapiga magitaa?

Turudi kwa wakili wetu, katika mwaka ule ule wa 1962. Januari alipita Mbeya, akafika Dar es Salaam, akapokewa na Mwalimu nyumbani kwake. Agosti alikamatwa. Oktoba, alipopandishwa kizimbani Pretoria, hakuvaa suti aliyoizoea mahakamani. Yule mfuasi wa Victor Silvester aliingia amejitanda vazi la ngozi ya chui la mababu zake, na wafuasi wake waliojaa ndani wakasimama kumpokea. Nani atathubutu kusema kwamba foksitroti ilikuwa imemla roho? Mkuu wa gereza alitaka kumnyang'anya ngozi hiyo. Mandela akamjibu kama wakili: kwamba hana mamlaka juu ya vazi lake mahakamani, na akijaribu, shauri hilo atalifikisha hadi Mahakama Kuu. Waliiacha. Wakamruhusu kuivaa mbele ya hakimu, lakini si njiani wakati wa kwenda na kurudi, wakihofu wafungwa wengine wasije wakaiona.