Niacheni na Doraemon wangu

Jana niliposti picha ya Doraemon, na msee mmoja akaniandikia: "Buda, si uliacha nepi kitambo?" Sawa. Wacha nikujibu hapa mbele ya watu.

Kwa wale hawajui, Doraemon ni paka roboti wa buluu kutoka karne ya 22. Hana masikio, yalitafunwa na panya roboti, na tangu siku hiyo akiona panya anapiga nduru. Paka! Alirudishwa nyuma hadi Tokyo kumsaidia kijana anaitwa Nobita, kwa sababu Nobita akiwa mkubwa ataanguka kibiashara vibaya hivi kwamba wajukuu wa wajukuu wake bado watasumbuliwa na madeni yake. Fujiko F. Fujio alianza kutoa katuni hii mwishoni mwa 1969, na enyewe sijaona hadithi nyingine ya mambo ya sayansi inayonielewa hivi. Kwingine ukipewa teknolojia ya karne zijazo unaokoa dunia. Nobita anataka tu kupita hesabu.

Kuna ile ya mkate. Unabandika slesi kwenye ukurasa wa kitabu, maandishi yanahamia kwa mkate, unakula, ushakariri. Nobita anafurahi balaa. Shida ni kwamba kurasa ni nyingi na tumbo ni moja. Anakula hadi tumbo linamharibikia, na kila kitu alichokuwa ameshika kinaishia chooni.

Hebu niambie hiyo si wewe. Mdogo wangu juzi alimaliza insha kwa dakika mbili, programu ya akili bandia ikimwandikia kwa simu ya mathe. Nikamuuliza, insha inasema nini? Kimya.

Na sisemi tutupe simu. Vifaa vya Doraemon kwa kawaida huwa vinafanya kazi poa kabisa. Anayeharibu ni Nobita, kwa tamaa ama kwa uvivu, na unacheka kwa sababu ungefanya vilevile.

Sasa wewe wa nepi, tafuta ile sura Doraemon inabidi arudi kwao. Usiku wa mwisho Nobita anakutana na Gian, yule mbabe wa mtaa. Anaweza kuita Doraemon. Haiti. Anapigwa, anaanguka, anamshika Gian tena, anapigwa tena, mpaka Gian mwenyewe anachoka na kusema basi, yaishe. Hakuna kifaa hata kimoja kimetoka mfukoni. Doraemon anamkuta uso umevimba, anamsaidia kufika nyumbani. Kukikucha, hayuko.

Nilisoma hiyo nikiwa darasa la sita, nikalia. Nimeirudia mwaka huu nikiwa na miaka 21.

Basi nitumie hizo nepi.