Laare Ina Herufi Tano na Mizani Tatu

Mchezo wa kusaka maneno ya Kiingereza yenye idadi maalumu ya herufi umeenea mno. Mwalimu huandika ubaoni l, a, r na e, kisha akadai maneno ya herufi tano yanayozibeba zote. Wanafunzi hujibu: alert, later, pearl, learn, large. Tangu mwaka 2021 mchezo wa Wordle umeipeleka ada hiyo katika simu za mamilioni ya watu, nao mashabiki wa Scrabble waliifahamu zamani. Nairobi yenyewe ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mchezo huo kwa Kiingereza mnamo mwaka 2017. Si ajabu basi kwamba walimu wa Kiswahili nao wanauiga. Tatizo ni kwamba wanauiga jinsi ulivyo, herufi kwa herufi.

Chukua mji wa Laare, katika eneo la Igembe, Meru, mji unaojulikana kwa biashara ya miraa. Mtoto wa huko akiulizwa jina la mji wake lina urefu gani, anaweza kutoa majibu matatu, na yote ni sahihi. Kwa hesabu ya herufi ni tano. Kwa sikio la lugha yake ya kwanza ni silabi mbili, ya kwanza ikiwa na irabu ndefu, kwa kuwa Kimeru hutofautisha irabu fupi na ndefu. Kwa mizani ya Kiswahili ni tatu: La-a-re, mkazo ukiangukia ile a ya pili. Neno miraa nalo lina herufi tano na mizani tatu. Lakini mbuzi na shoka, ambayo pia yana herufi tano, yana mizani mbili tu, ilhali aione ina nne. Je, maneno haya yana urefu sawa? Mchezo wa herufi unamwambia mwanafunzi kuwa ndiyo. Mwaka huohuo anafundishwa ushairi na kutakiwa ahesabu mizani za mshororo, na hapo anaambiwa kuwa sivyo.

Herufi zina maana kubwa katika mchezo wa Kiingereza kwa sababu tahajia ya lugha hiyo ni mtihani wa peke yake. Sauti na maandishi havifuatani. Kiswahili hakina mgogoro huo kwa kiwango hicho. Kumfunza mtoto kuhesabu herufi za Kiswahili ni kumtibu maradhi ya jirani.

Hata vifaa vyenyewe vinapinga uigaji huu. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni Scrabble katika miaka ya 1930, alipanga idadi ya vipande kwa kuhesabu herufi katika magazeti ya nchi yake. Ndiyo maana seti ya Kiingereza ina E 12 na K moja tu. Mswahili mwenye K moja atasema nini, ikiwa ki-, ku- na -ka- ndizo uti wa mgongo wa sarufi yake? Z nayo ni moja na inalipa alama 10 kana kwamba ni johari adimu. Q na X zitamkalia mchezaji mikononi mpaka usiku uingie.

Lipo pia suala la neno ni nini. Mwanafunzi akitakiwa kutoa maneno ya herufi tano yenye a na k, ataandika akili na akiba, na mwalimu atafurahi. Akiandika tukae au akala, mwalimu atafanya nini? Hizo ni sentensi kamili, zenye kiima na kiarifu. Kamusi huorodhesha vitenzi bila viambishi vya nafsi na wakati, kwa hivyo mchezo unaofuata kamusi utazikataa, na kwa kuzikataa utakuwa umeficha sehemu tamu kuliko zote katika mofolojia ya Kiswahili.

Wapo watakaosema kuwa herufi haziepukiki, nao wana hoja. Mahali na mahari yana mizani sawa na idadi sawa ya herufi. Kinachoyatenganisha ni l na r tu, na wanaozichanganya wanahitaji zoezi la kuzikazia macho. Zoezi hilo lipewe nafasi yake. Lisigeuzwe kuwa kipimo cha urefu wa neno.

Kipimo hicho tayari kipo, na ni cha kale kuliko maandishi ya Kirumi katika pwani hii. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambamo irabu fupi ni alama tu juu au chini ya konsonanti. Leo utendi huo unasomwa kwa herufi za Kirumi. Idadi ya herufi imebadilika kabisa. Mizani zimebaki nane kwa kila kipande. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za utunzi mwaka 1954 hakuwa na haja ya kubuni kipimo kingine.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kutunga mchezo wa miraba ambao kila mraba unapokea silabi moja badala ya herufi moja. Mtoto wa Laare ataanza akiwa mbele, maana sikio lake limezoea kupima urefu wa irabu. Atakachojifunza ni kwamba Kiswahili huigawa aa katika miraba miwili. Kazi ngumu itakuwa ya watungaji. Itawabidi waamue, kabla ya kuchora mraba wa kwanza, kama mbwa ni miraba miwili, na kama maktaba ni mitatu au minne.